Mama Breki na Picha ya Kabla

Shule ya udereva ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na ilikuwa na walimu wanne. Watatu waliogopwa kidogo. Wa nne aliogopwa kabisa, na huyo ndiye Mama Breki. Jina alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kile kipedali cha ziada kilichokuwa chini ya miguu yake, upande wa mwalimu. Mwanafunzi akianza kuelekea mtaroni, gari lilisimama kabla yeye mwenyewe hajatambua anakokwenda. Halafu maneno yalifuata.

"Mtaro umekuita kwa jina? Basi mbona unauitikia?"

Alikuwa mwanamke mnene, na hilo halikuhitaji kuambiwa na mtu. Kiti chake kilisukumwa nyuma mpaka kikagoma. Mkanda ulimfika, ila kwa kubembelezwa. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kulifanyia mzaha. Siku ya somo la kwanza humwambia mwanafunzi, "Gari hili halina mfuko wa hewa, lakini usijali, uko na mimi." Mwanafunzi akicheka, woga wa usukani unapungua, na somo linaanza vizuri. Mzaha ulikuwa wake. Aliutoa mwenyewe, kwa wakati wake, na kwa sababu yake.

Asubuhi moja alikuwa akimfundisha mwalimu wa chekechea, binti mpole aliyekuwa akishika usukani kama ameshika sinia la mayai. Walikuwa wamesimama kando ya uwanja wa koni wakisubiri zamu ya kurudi nyuma. Binti alikuwa anaangalia simu yake, mara anamwangalia Mama Breki, mara anarudi kwenye simu.

"Sema," Mama Breki akamwambia. "Ukikaa nalo litakutoa kwenye mstari."

"Samahani sana, mwalimu. Huyu... si wewe?"

Akaichukua simu. Kulikuwa na picha mbili zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Ya kushoto ilikuwa ya mwanamke aliyeinama kuinua sanduku, gauni limemganda mgongoni kwa jasho, kipande cha mkate kimening'inia mdomoni, tumbo limemwagika juu ya magoti. Juu yake pameandikwa KABLA. Ya kulia ilikuwa ya mwanamke mwembamba asiyemjua, miwani myeusi usoni, mkono kiunoni. Juu yake, BAADA. Na chini ya zote mbili palikuwa na maneno: "Mama huyu alikuwa hawezi hata kuinama kufunga viatu. Mumewe alikuwa anamkimbia. Leo mumewe hatoki nyumbani. Jiunge na kundi letu la simu, unga wa kupunguza mwili upo."

Gauni lile alilijua. Sanduku lile alilijua. Ilikuwa siku ya kumhamisha mama mkwe wake, alipobeba mizigo tangu alfajiri bila kupumzika, na mkate ule ndio ulikuwa chakula chake cha mchana kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Aliyepiga picha alikuwa wifi yake, dada wa mume wake, ambaye siku hiyo hakubeba hata mto. Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Futa hiyo," Mama Breki alimwambia. "Nimeshafuta, wifi yangu, kwani mimi mtoto?"

"Si mimi," akamjibu mwalimu wa chekechea, akamrudishia simu. "Tia gia. Rudi nyuma."

Binti akarudi nyuma, akagonga koni mbili, na kwa mara ya kwanza breki haikukanyagwa.

*

Nyumbani alimkuta mume wake kibarazani amefungua mgongo wa jokofu la mteja. Alikuwa fundi majokofu, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuzungumza huku macho yake yako kwenye nyaya. Mama Breki alimweleza yote. Mume akasikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Dada yangu ndivyo alivyo. Mpuuze."

"Nimpuuze? Ameandika kwamba unanikimbia."

"Nani atakayeamini?"

"Watu wote walioisoma!"

Akachukua simu, akampigia wifi yake palepale. Wifi aliitikia kwa sauti ya asali, na asali ile haikupungua hata alipopewa vidonge vyake vyote. Alisubiri vimalizike.

"Wifi yangu, uso wenyewe hauonekani vizuri. Nani atakujua? Na tena hii ni biashara tu."

"Toa ile picha."

"Nikiitoa watu watauliza imekwenda wapi." Halafu, kwa upole uleule, akaongeza, "Na kama inakuuma hivyo, si upungue?"

Simu ikakatika. Mama Breki alibaki ameishika sikioni. Baadaye alipenda kusema kwamba hakuwahi kumchukia mtu kabla ya siku ile. Aliwahi kukasirika, na kukasirika aliona ni kama mvua, inanyesha inakwisha. Chuki hii ilikuwa kitu kingine. Iliingia ikakaa kifuani, ikajitafutia mahali pake, ikatulia kama mwenye nyumba.

Akala kiapo, bila kumwambia mtu. Angepungua. Angepungua bila kijiko kimoja cha unga wa wifi yake, halafu angesimama mbele ya watu wake wote na kumvua nguo.

*

Miezi kadhaa nyuma, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye kila mtu humwita Sista, alikuwa amempima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akamweleza habari za mpango wao wa simu. Mgonjwa anajiandikisha. Kila asubuhi anapata ujumbe wa kumkumbusha jambo moja la siku hiyo. Kabla ya kula anapiga picha ya sahani yake na kuituma. Simu yenyewe inahesabu hatua anazotembea. Kila Jumatatu anapanda mizani na kutuma namba, na Ijumaa Sista anampigia wazungumze. Siku ile Mama Breki alicheka. "Nipige picha chakula? Chakula kimekuwa bwana harusi?"

Sasa alirudi akiwa hana kicheko.

"Umebadilisha mawazo," Sista akasema.

"Nimebadilishiwa."

Wiki za mwanzo alidanganya, na alidanganya kwa ufundi. Alipakua chakula kidogo, akapanga mboga vizuri pembeni, akapiga picha, akatuma, kisha akarudi jikoni kuongeza. Ijumaa Sista akapiga.

"Mama, sahani zako nazipenda. Ningeweza kuzitundika ukutani. Tatizo mizani haijazisikia."

Kwenye hatua nako aligundua njia. Simu aliiweka kwenye kishimo kando ya gia, na kwa vile wanafunzi wake walikuwa wanaachia klachi kama wanaoachia kaa la moto, gari liliruka tangu asubuhi hadi jioni, na simu ikahesabu kila mruko kuwa ni hatua. Jioni ikampongeza kwa kuvunja rekodi. Sista akauliza amezunguka mji wote au vipi. Mama Breki akajitia hamnazo, lakini alipokata simu alijitazama kwenye kioo cha gari, akajiambia jambo lililomtia aibu: hivi ninavyofanya ndivyo anavyofanya yeye. Picha ya uongo, namba ya uongo. Akaitoa simu pale kwenye kishimo, akaitia mfukoni.

Kuanzia hapo alitembea kweli. Kutoka kwake kwenda shuleni kulikuwa na njia mbili: ya chini, iliyonyooka, na ya juu, yenye mlima, iliyopita mbele ya nyumba ya wifi yake. Alichagua ya juu. Asubuhi za kwanza mapafu yalimwaka moto na magoti yakamlaani. Alipofika mbele ya lile geti la bluu alipunguza mwendo, akatazama mapazia yaliyofungwa, akasema taratibu, "Lala tu, wifi. Lala." Na nguvu zilizokuwa zimekwisha zikarudi, akamalizia mlima.

Soda ilikuwa mtihani. Mchana wa jua kali, katikati ya masomo mawili, duka la kituo cha mafuta lilimwita kwa sauti. Hapo alitoa simu, akafungua ile picha ya KABLA, akasoma sentensi moja tu: Mumewe alikuwa anamkimbia. Kiu ya soda ikakauka. Akanywa maji.

Sista alipojua alishika kidevu. "Wenzako huweka picha za watoto wao, au gauni wanalotaka kulivaa tena."

"Mimi nimeweka ya adui. Inafanya kazi au haifanyi?"

Sista alitazama namba za Jumatatu, zilizokuwa zinashuka taratibu, wakati mwingine zikisimama, kisha zikishuka tena. "Inafanya," akakiri. "Ila mafuta ya aina hiyo huunguza na jungu."

"Jungu ni langu."

Nyumbani alibadilisha sahani kubwa kwa ndogo. Siku moja alimkuta mume wake amejipakulia naye kwenye sahani ndogo, anakula polepole kama mtu anayesoma barua. Shuleni, kiti kilianza kusogea mbele, tundu moja baada ya tundu. Walimu wenzake walikuwa wanajifanya hawaoni, kwa maana kumsifu Mama Breki kulihitaji ujasiri.

Wakati huohuo alinunua laini nyingine ya simu, akaweka picha ya ua, na akajiunga na kundi la wifi yake. Alitaka kumjua adui kwa karibu. Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani: wauza maduka, makarani, mama wa nyumbani, hata mwanamume mmoja dereva wa lori. Wote walikuwa wanakunywa unga asubuhi na jioni badala ya chakula. Wote walikuwa wakiomba. "Dada, nimepungua kidogo halafu uzito umerudi, nifanye nini?" Wifi akawajibu kwa mioyo na maua: ongeza kijiko.

Miongoni mwao alikuwamo mwoka mikate, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika kwa herufi kubwa kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya barabara. Siku moja aliandika: MOYO UNANIENDA MBIO NA MIKONO INATETEMEKA. Wifi akamjibu kuwa hiyo ni sumu inatoka mwilini, afurahi. Kisha ujumbe wa mwoka mikate ukafutwa. Wiki iliyofuata akaandika tena, ukafutwa tena.

Mama Breki aliziona jumbe zote mbili kabla hazijafutwa, akazipiga picha, akazihifadhi. Moyo wake ulijaa furaha. Huo ndio ukweli. Hakumfikiria mwoka mikate hata kidogo. Aliona silaha, akaiweka alani, akasubiri. Wifi alikuwa ametangaza mkutano mkubwa, na Mama Breki alikuwa hataki kumwaga mtama mapema.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mama Breki alivaa gauni lilelile la siku ya kuhama, akalikaza kwa pini mgongoni, ili asiwepo wa kusema si yeye. Kwenye ngazi moyo ulimwenda mbio, ila si kwa ngazi.

Ndani aliiona picha yake. Ilikuwa imechapishwa kubwa kama mlango, imesimamishwa jukwaani, mkate mdomoni na yote. Watu walikuwa wameketi wanajipepea. Wifi alikuwa amevaa nyeupe, kipaza sauti mkononi, anasema habari za kujipenda.

Mama Breki akapita katikati ya viti, taratibu, kichwa juu, akapanda jukwaani, akasimama kando ya picha. Wifi akamwona, na kwa muda wa kupepesa jicho uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mama Breki aliuona uso ule, akaunywa wote. Alikuwa ameuota karibu mwaka mzima.

Halafu wifi akacheka kwa furaha, akamkumbatia.

"Mwenyewe amefika!" akapaza sauti. "Sikuwaambia? Kabla, huyo hapo! Baada, huyu hapa! Mnaona kwa macho yenu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu wakasimama, wakapiga makofi, simu zikainuliwa kama msitu. Mwanamke wa mstari wa mbele alikuwa analia. Mama Breki alipokonya kipaza sauti.

"Sikilizeni! Sijawahi kunywa huu unga, hata kijiko! Nimepungua kwa kutembea, na kwa mpango wa simu wa kituo cha afya, bure! Hii picha imeibwa!"

Wifi akamwekea mkono begani, akawageukia watu kwa sauti ya asali.

"Ni wifi yangu huyu. Ndivyo tunavyotaniana kwetu."

Wakacheka. Wakacheka wote, kwa upendo, wakampigia makofi tena kwa mzaha wake mzuri. Mtu wa muziki akafungulia muziki. Mama Breki alisema mengine mengi, alionyesha simu yake, alitaja moyo na mikono inayotetemeka, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa na mbele ya meza ya unga foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.

Kabla jua halijazama, picha mpya ilikuwa imeenea kwenye simu za mji mzima. Kushoto yeye. Kulia yeye. Safari hii ilikuwa kweli, na alikuwa amempelekea wifi yake kwa miguu yake mwenyewe.

Mume wake alimkuta ndani ya gari la shule, limeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta, pakiti ya biskuti imechanika mapajani, ya pili imefunguliwa. Akaingia akakaa kiti cha mwanafunzi. Hakusema mpuuze. Alichukua biskuti moja, akala, wakakaa.

*

Ijumaa iliyofuata, Sista hakuuliza habari za mizani. Alisema kuna mwoka mikate aliyeanguka mbele ya tanuri, ameletwa kituoni, moyo wake ukipiga hovyo. Ameulizwa amekunywa nini, akautaja unga. "Nilidhani ungependa kujua," Sista akasema.

Siku hiyohiyo alikwenda kumwona. Mwoka mikate alikuwa amelala, mkono mmoja una dripu ya maji, mwingine umeungua kidogo alipoanguka. Alikuwa akizungumza vilevile alivyoandika, kwa sauti ya ng'ambo ya barabara.

"Wewe ndiye yule wa picha! Hongera!"

"Usinipe hongera." Akavuta kiti, akamweleza: picha, kiapo, ua kwenye laini ya pili. Akafika mahali pagumu, akapita. "Nilizisoma jumbe zako zote mbili. Nilijua zinafutwa. Nikazitunza kwa ajili ya mkutano."

Mwoka mikate akainua kichwa kwenye mto. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo nilikuwa risasi yako."

Mama Breki akautazama ule mkono ulioungua.

"Toka," mwoka mikate akasema. Mama Breki akainuka. Alipofika mlangoni akaitwa tena. "Rudi. Namba za watu wa kundi unazo zote?"

"Ninazo."

"Basi leta hapa. Ukitaka kumkomesha mtu, humkomeshi jukwaani. Mimi nauza mikate. Duka halifi kwa kelele. Linakufa wateja wakihamia ng'ambo."

Wakaanza palepale, kila mtu na simu yake. Hawakuandika kitu kundini. Walipiga simu, mtu mmoja mmoja. Mwoka mikate alisimulia alivyoanguka. Mama Breki alisimulia jinsi alivyopungua, pamoja na zile wiki za kudanganya sahani, maana aligundua watu huamini zaidi wakisikia ujinga wako kwanza. Mwishoni walitoa namba ya Sista. Bure, wakasema. Hakuna unga. Utapiga picha chakula chako na utajisikia mjinga, halafu utazoea.

Siku ya pili simu ikalia kengele ndogo. Karani ametoka kwenye kundi.

Mama Breki alikuwa kwenye makutano ya barabara na mwanafunzi mpya. Alitabasamu mpaka mwanafunzi akaogopa. Kengele ikalia tena. Dereva wa lori ametoka kwenye kundi. Wiki ile na iliyofuata, kengele ilimlilia akiwa jikoni, akiwa mlimani, akiwa anasahihisha mtu namna ya kuegesha gari. Kila moja ilikuwa tamu kuliko soda yoyote aliyoikosa. Hakuzima sauti. Mume wake alipouliza kengele hizo ni za nini, alijibu, "Mavuno."

Wifi alianza kuandika. Kwanza kwa mioyo: wapenzi wangu, msikate tamaa. Kisha kwa bei nafuu. Kisha kwa vitisho: nani anawachukua watu wangu? Najua yumo humu! Ua halikujibu. Ua lilisoma, likakaa kimya.

Taarifa ya mwoka mikate nayo ilifika idara ya afya. Maofisa walikwenda wakachukua makopo yote kupima, wakamkataza wifi kuuza. Siku hiyo waliotoka kundini walikuwa wengi mno, kengele ikalia mfululizo kama honi ya msafara wa harusi.

*

Wifi alikuja Jumapili mchana. Hakupiga hodi. Mume alikuwa mezani, Mama Breki anamenya viazi.

"Kaka, wameniua," wifi akasema, akaketi, akalia. Kilikuwa kilio cha kweli. Uso ulikuwa umevimba na nywele hazikuwa zimechanwa. "Kuna mtu amekaa chini akanimaliza. Sina mteja hata mmoja. Mtaani wananinyooshea vidole."

Mama Breki akaweka kisu chini, akafuta mikono. "Mtu mwenyewe ni mimi."

Wifi akainua uso.

"Lile ua ni mimi. Simu nimepiga mimi. Nimempigia kila mmoja wao, na ungekuwa na watu mara mbili ya hao, ningewapigia wote."

"Kwa sababu ya picha tu?"

"Picha tu."

"Kaka! Unamsikia mkeo?"

Mume wake alikuwa akitazama kikombe. Macho yake yalitoka kwenye kikombe yakaenda kwa dada yake, na yalikaa hapo, jambo ambalo hakulizoea.

"Uliandika namkimbia," akasema. "Niambie. Mimi niliwahi kumkimbia lini?"

Wifi akamgeukia Mama Breki, na asali ilikuwa imekwisha kabisa kwenye sauti yake. "Nisamehe, wifi."

Mama Breki alimwangalia. Alijipima ndani kwa haki, kama anavyomtazama mwanafunzi kabla ya kumpeleka kwenye mtihani.

"Bado," akasema, akarudi kwenye viazi.

Walikutana tena kwa mama mkwe, siku ya kumjulia hali mama huyo alipopata homa. Wifi ndiye aliyepakua chakula. Mama Breki akapokea sahani yake, akatoa simu apige picha ya kumtumia Sista, kama kawaida. Wifi alipoona simu inainuliwa akashtuka, akajikinga uso kwa mwiko, mchuzi ukamtiririka mkononi. Mama Breki angeweza kumwambia ni sahani tu. Hakumwambia. Aliishikilia simu pale juu, muda mrefu kuliko picha inavyohitaji, kisha akaishusha na kula.

*

Kisa kingeishia hapo kama mwili ungekuwa unasikiliza visa. Lakini kengele zilipokoma na kundi likafungwa, Mama Breki aliamka asubuhi moja akachukua njia ya chini, ile iliyonyooka. Kesho yake pia. Alipofungua ile picha ya KABLA mbele ya duka la soda, ilikuwa picha tu ya mwanamke aliyechoka anayehamisha vyombo. Akanunua soda. Mizani ya Jumatatu ikapanda, na Jumatatu nyingine ikapanda tena.

"Umeanza kunidanganya sahani?" Sista aliuliza.

"Sahani ni za kweli. Hasira ndiyo imekwisha, Sista. Ilikuwa inanivuta kama lori, sasa imenishusha katikati ya njia, sijui nakwenda wapi."

Sista hakucheka. "Katika mpango wetu tunao wanaotembea wawili wawili. Kuna mtu ameomba mwenza, hakuna anayemtaka. Anasema kwa sauti kubwa mno."

Ndiyo maana sasa, ukiwa na safari ya alfajiri katika mtaa ule, utawasikia kabla hujawaona. Mwoka mikate hajamsamehe Mama Breki yale ya jumbe zilizofutwa, na humkumbusha kila wanapokosana juu ya mwendo. Mama Breki humwambia kwamba anatembea kama gari lililosahauliwa kwenye breki ya mkono. Kilo zilizorudi zimeanza kuondoka, si zote, wala si haraka. Shinikizo la damu limeshuka, na Sista ameridhika nalo. Juzi mvua ilianza kunyesha wakiwa nusu ya mlima, mwoka mikate akataka warudi, Mama Breki akakataa, wakasimama wanabishana katikati ya barabara mpaka wote wawili wakalowa chapachapa, na kwa kuwa walikuwa wameshalowa, wakaendelea kupanda.